Ndumilakuwili wa Mtaa wa Wingu la Buluu

Babu yangu, pale Ngamiani, Tanga, alisoma gazeti kuanzia nyuma. Kwanza mpira: Coastal Union wamefanya nini. Kisha anafunua katikati kutafuta tanzia, maana huenda aliyefariki ni mtu wa kwenda kumzika. Wakubwa wa serikali walikuwa wa mwisho, na mara nyingi walikuta kahawa imekwisha na mzee ameshasinzia. Macho yalipomtupa mkono akanikabidhi mimi kazi ya kumsomea. Nilikuwa darasa la tano. Utaratibu haukubadilika: nyuma, katikati, mbele.

Sikutegemea kwamba kazi ile ningeipata tena, safari hii Strasbourg, mji mkuu wa Alsace, mashariki ya Ufaransa, nikiwa mtu mzima na ndevu zangu.

Nilifika mji ule mwaka 2010 kusoma shahada ya pili. Chumba nilikipata Neudorf, kwa bibi mmoja mjane aliyezaliwa 1931. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na kisu cha daktari alikiogopa kuliko giza. Alipojua kwamba kabla ya Kifaransa nilijifunza Kijerumani kidogo Dar es Salaam, hakuuliza ilikuwaje. Kesho yake asubuhi nikakuta gazeti mezani, kikombe cha kahawa, kipande cha kugelhopf (ile keki yao yenye tundu katikati), na yeye ameshakaa, mikono mapajani, anasubiri. Mbele ya watu nilimwita Madame. Kimoyomoyo nilimwita bibi, na asubuhi ile nusura shikamoo initoke.

Gazeti lilikuwa Dernières Nouvelles d'Alsace, ambalo kila mtu kule analiita DNA. Jina ni la Kifaransa. Nikafungua: ukurasa wa Kijerumani. Nikafungua mwingine: Kifaransa. Wa tatu, Kijerumani tena. Nikadhani mtambo umechanganya matoleo mawili. Nikatafuta habari ya ukurasa wa tatu kwa lugha ya pili nisiione, kwa kuwa haikuwa tafsiri. Habari iliandikwa mara moja tu, kwa lugha iliyopangiwa, na wewe msomaji ukikosa lugha moja umekosa nusu ya mambo ya siku hiyo. Bibi hakuona ajabu yoyote. “Anza na waliokufa,” akasema.

Ofisi za gazeti hilo wakati ule zilikuwa katikati ya mji, mtaa unaoitwa rue de la Nuée-Bleue, yaani Wingu la Buluu. Kibao cha mtaa nacho kina lugha mbili, kama vibao vingi vya mji mkongwe. Nilikuwa nikipita pale nikienda maktaba, na neno lililonijia kila mara ni ndumilakuwili, yule nyoka wa kwetu anayesemwa kuuma kwa kichwa na kwa mkia. Sisi tunamwita hivyo mtu asiyeaminika, mwenye maneno haya huku na yale kule. Watu wa Alsace wamebebeshwa tuhuma hiyo karibu karne moja na nusu. Paris waliwaona Wajerumani waliojificha, Berlin waliwaona Wafaransa waliojificha, na gazeti lao lilitosha kuwa ushahidi wa pande zote mbili.

Ili uelewe lazima ujue kwamba Strasbourg si mji wa kujifunza magazeti jana. Gutenberg aliishi pale miaka ya 1430 na 1440 akihangaika na majaribio yake, na sanamu yake imesimama kwenye uwanja wenye jina lake. Mwaka 1605 bwana mmoja aitwaye Johann Carolus, aliyekuwa akijipatia riziki kwa kunakili habari kwa mkono na kuwauzia wenye fedha, alichoka kunakili. Alikuwa amenunua mitambo ya uchapaji, akaanza kuzichapa habari zile zile, halafu akaliandikia baraza la mji kuomba wengine wakatazwe kumwiga. Barua hiyo ya malalamiko ya kibiashara ndiyo cheti cha kuzaliwa cha gazeti la kuchapwa la kwanza duniani. Chama cha magazeti cha kimataifa kilikubali hivyo mwaka 2005. Napenda kwamba ushahidi wenyewe ni mtu anayelalamikia washindani. Hakuna kilichobadilika kwenye biashara hii.

Gazeti la Carolus lilikuwa la Kijerumani, kwa sababu Strasbourg ilikuwa mji huru ndani ya dola ya Kijerumani. Louis wa 14 aliuteka 1681, lakini wafalme wa Ufaransa hawakujali sana raia wanaongea nini jikoni. Walijali kodi. Watu wakaendelea na Kialsace chao, lahaja ya Kijerumani, na kuandika Kijerumani sanifu, huku Kifaransa kikiwa cha maofisa na matajiri. Karne ya 19 tayari palikuwa na gazeti la mji, Courrier du Bas-Rhin, lililochapwa kwa lugha zote mbili, na hapakuwa na mtu wa kulitilia shaka.

Shaka zilianza 1870. Majeshi ya Kijerumani yaliuzingira mji na kuupiga mizinga, maktaba kuu ikateketea usiku mmoja wa Agosti pamoja na miswada ya karne nyingi. Mkataba wa Frankfurt, Mei 1871, ukaikabidhi Alsace kwa dola mpya ya Kijerumani. Miaka sita baadaye, tarehe 1 Desemba 1877, Heinrich Ludwig Kayser akaanzisha gazeti na kuliita Neueste Nachrichten, maana yake habari mpya kabisa. Hilo ndilo DNA. Jina la Kifaransa unaloliona leo ni tafsiri ya neno kwa neno ya jina la Kijerumani. Nilipomwambia bibi hivyo alicheka akasema hata yeye ni hivyo: jina lake la ubatizo limeandikwa upya kwenye makaratasi mara tatu.

Hapa niruhusu nirudi Tanga kidogo, maana dola iliyoitawala Strasbourg ndiyo iliyotutawala sisi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Tanga ilikuwa na magazeti mawili ya zama za Mjerumani. Usambara-Post lilikuwa la Kijerumani, la walowezi na mashamba yao. Kiongozi, lililoanza 1904 kwenye shule ya serikali, lilikuwa la Kiswahili, likisomwa na walimu, makarani na maakida. Mji mmoja, lugha mbili, lakini hazikukutana ukurasa mmoja hata siku moja. Anayesoma hili hakutarajiwa kusoma lile. Strasbourg, chini ya Kaiser yule yule, mtu mmoja angeweza kusoma zote mbili kwenye meza yake. Nadhani hiyo ndiyo tofauti kati ya jimbo na koloni, ingawa bibi alinikatalia. Kwake yeye tofauti ilikuwa kwamba koloni mwishowe lilipata uhuru.

Novemba 1918 Wafaransa wakarudi, wakapokewa kwa maua. Baada ya maua yakaja makaratasi. Wakazi walipangwa kwa vitambulisho vya herufi nne: A kwa mwenye wazazi wa asili ya Alsace au Ufaransa, B kwa mwenye mzazi mmoja, C kwa mgeni wa nchi rafiki au isiyo na upande, D kwa Mjerumani. Wenye D wengi walivushwa daraja la mto Rhine kwenda Kehl na mzigo wa kubeba mkononi. Walimu wakaletwa kutoka Ufaransa ya ndani, wasiojua neno la lahaja, kufundisha watoto wasiojua neno la Kifaransa. Gazeti nalo likapata jina la Kifaransa, Dernières Nouvelles de Strasbourg, lakini ndani likaendelea kusema Kijerumani, kwa sababu rahisi: ukichapa gazeti ambalo wateja hawalisomi utafunga duka.

Mama mzazi wa bibi alizaliwa mwaka 1900 akiwa Mjerumani. Akawa Mfaransa 1918, Mjerumani 1940, Mfaransa tena 1944. Hakuwahi kuhama nyumba.

Miaka ile minne ya kati ndiyo bibi aliyoizungumza kwa shida. Alikuwa na miaka tisa Wanazi walipoingia. Kifaransa kilipigwa marufuku, shuleni, dukani, hata kwenye salamu. Place Broglie, uwanja wa mji, ukaitwa Adolf-Hitler-Platz. Kofia ya bereti, vazi la Kifaransa, ilikuwa kosa. Mitaa, maduka na watu wakabadilishwa majina, na mwenye ubishi alipelekwa kambi ya Schirmeck, karibu kilomita hamsini, kule milimani. Gazeti likachukuliwa kuwa sauti rasmi ya chama cha Nazi jimboni, likaitwa Strassburger Neueste Nachrichten, jina ambalo babu zao walilijua tangu zamani. Huo ndio ukatili wake: hawakuleta gazeti geni, walilivaa lililokuwapo. Agosti 1942 ikatoka amri ya kuwaandikisha vijana wa Alsace katika jeshi la Kijerumani. Kutoka Alsace na jirani yake Moselle walichukuliwa takriban 130,000, wengi wakapelekwa kupigana na Warusi. Wanaitwa malgré-nous, “bila ridhaa yetu”. Kaka yake bibi alikuwa mmoja wao. Picha yake ilikuwa juu ya redio, na sikuwahi kuuliza kwa nini haina picha ya pili ya uzeeni.

Kwa hiyo jeshi la Leclerc, jenerali wa Kifaransa, lilipoingia Strasbourg tarehe 23 Novemba 1944, Kijerumani kilikuwa lugha iliyotia aibu. Lakini watu wazima hawakuwa na nyingine ya kusomea. Gazeti lilirudi mtaani chini ya jina la Dernières Nouvelles d'Alsace, na serikali ya mpito ikakaa kutafakari: tuwakataze Kijerumani kabisa, wasisome kitu, au tuwaachie?

Jibu lilikuwa amri ya tarehe 13 Septemba 1945, na ninakiri kwamba niliposimuliwa habari zake niliacha kahawa ikapoa. Gazeti la Kijerumani kitupu lilikatazwa. Ruhusa ni ya lugha mbili tu, na angalau asilimia 25 ya maandishi yawe Kifaransa. Jina la gazeti liwe Kifaransa. Halafu, kipengele kidogo ambacho mpita njia hakioni: kurasa za vijana na kurasa za michezo lazima ziwe za Kifaransa.

Soma tena. Siasa, ruksa Kijerumani. Bei ya ngano, ruksa. Hotuba ya waziri, hata ya kiongozi wa nchi, de Gaulle mwenyewe, ruksa. Mpira, hapana.

Mtu aliyeandika kipengele hicho alimjua babu yangu. Alijua kwamba mwanamume analifungua gazeti kwa nyuma. Alijua kwamba mzee wa miaka hamsini huwezi kumbadilisha, mwache na Kijerumani chake mpaka Mungu amchukue. Kijana wa miaka kumi na minne anayetaka kujua nani kafunga goli Jumapili hana haja ya kulazimishwa. Atajifunza neno “penalti”, atajifunza “kuotea”, atajifunza sentensi nzima, na baada ya miaka ishirini atashangaa baba yake anasomaje zile kurasa nyingine. Mabango yalibandikwa pia, yakisema ni jambo la kisasa kuongea Kifaransa. Watoto waliadhibiwa shuleni kwa kuongea lahaja. Hayo yote yanasimuliwa sana, kwa hasira ya haki. Mimi nadhani ukurasa wa mpira ulifanya kazi kubwa kuliko kiboko, kwa sababu hakuna aliyeuchukia.

Kwa muda hesabu hazikuonyesha. Miaka ya 1950 toleo la lugha mbili ndilo lililouzwa zaidi, toleo la Kifaransa kitupu likiwa la watu wa mjini wenye shule. Kisha taratibu mizani ikageuka, si kwa mtu kuhama toleo moja kwenda jingine, bali kwa baba kufa na mtoto kulipia gazeti kwa jina lake. Mwaka 1979 Racing Club de Strasbourg ilipotwaa ubingwa wa Ufaransa, kocha wake Gilbert Gress alikuwa mtoto wa mji, mwenye Kialsace mdomoni. Watu wa mji walishangilia kwa lahaja. Asubuhi yake, kwenye matoleo yote mawili, ushindi ule ulisomwa kwa Kifaransa. Amri ya 1945 ilifutwa miaka ya 1980, ilipokuwa haina tena wa kumzuia.

Nilikuwa nadhani tatizo la bibi na mimi ni Kijerumani changu kibovu. Haikuwa hivyo tu. Kijerumani cha gazeti ni kile cha vitabuni, na yeye nyumbani aliongea Kialsace. Alikisikia changu, anakigeuza, anakirudisha kwangu kwa matamshi yake, na kati yetu neno limeshapita nyumba tatu. Nilimweleza kuhusu bibi yangu mzaa mama, wa Tongoni, aliyeongea Kimtang'ata na kusikiliza Kiswahili cha redio kama mtu anayemsikiliza mkwe: kwa heshima, lakini hajikunjui. Akaelewa mara moja. Alisema lahaja ni ya kupikia na Kijerumani cha gazeti ni cha Jumapili, na Kifaransa? Akafikiri. Kifaransa ni cha kulipia bili.

Na sisi ni nani hata tuwacheke? Chukua gazeti lolote la Kiswahili la Dar es Salaam la miaka ile. Habari za Kiswahili, katuni za Kiswahili, mashairi ya Kiswahili. Fika kwenye tangazo la zabuni la taasisi ya serikali: Kiingereza, ukurasa mzima, herufi za sisimizi. Nafasi za kazi: Kiingereza. Hakuna amri ya 1945 iliyotulazimisha. Tuna gazeti la lugha mbili bila kukiri, na ile ya pili tumeipa kurasa zenye fedha. Wafaransa waliipa lugha yao mpira, sisi tumeipa Kiingereza tenda. Sijui nani kati yetu ni mjanja zaidi.

Majira ya joto ya mwaka 2011 klabu ya Racing ilifilisika na kushushwa hadi daraja la tano. Mjukuu wa bibi, kijana wa miaka kumi na saba, alikuja Jumapili moja akiwa amenuna kama aliyefiwa. Alisoma ukurasa wa michezo mwenyewe, kwa Kifaransa, haraka, kisha akaniuliza ule upande mwingine wa karatasi nausomaje mimi Mwafrika wakati yeye Mwalsace hawezi. Bibi alijifanya hakusikia. Mwaka uliofuata ofisi ya jimbo inayoshughulikia lugha ilitoa utafiti wake: asilimia 43 ya wakazi walisema wanaongea Kialsace vizuri. Ukigawa kwa umri, wenye miaka 60 kwenda juu walikuwa asilimia 74. Watoto wa miaka 3 hadi 17, asilimia 3.

Na mwaka huo huo, 2012, toleo la lugha mbili likafa. Gazeti kwa wakati huo lilikuwa mikononi mwa benki, Crédit Mutuel, ambayo inamiliki pia mpinzani wake wa zamani, L'Alsace la Mulhouse. Hapakuwa na waziri aliyepiga marufuku, hapakuwa na jeshi mtaani. Palikuwa na wasomaji waliokuwa wakipungua kila baridi. Aliyetaka Kijerumani aliambiwa achukue toleo la Kifaransa, ndani yake atakuta kijitabu cha kurasa chache za Kijerumani. Gazeti lililoanza Kijerumani kitupu lilikuwa sasa limebeba Kijerumani mfukoni kama leso.

Asubuhi ya kwanza ya mpango mpya nilikichomoa kile kijitabu nikaanza kusoma. Bibi alinisikiliza dakika mbili tatu, akainua mkono. Akaomba lile gazeti kubwa. Nikadhani anataka nimsomee Kifaransa, nikatafuta ukurasa wa mbele. Akanyoosha mwenyewe mkono, akalivuta kwake, akalifungua katikati, kwenye tanzia, akaliinamia mpaka pua ikakaribia karatasi. Matangazo yote yalikuwa ya Kifaransa: familia inasikitika, ibada saa nane unusu, badala ya maua toeni sadaka. Kati ya Kifaransa hicho, kwa herufi nene, majina ya waliofariki na ya vijiji na miji yao: Muller, Schmitt, Klein, wa Geispolsheim, wa Truchtersheim, wa Schiltigheim. Alikuwa akiyasoma polepole, kwa sauti, kwa matamshi ya kwao.

“Haya,” akasema bila kuinua kichwa, “nayaona bila wewe. Kunywa kahawa.”